Shajara ya kufunga mwamba: kuitana hadi watu waje

Maji mafu, siku tano kabla ya mwezi kuandama

Nimenunua kaunta buku leo. Mara ya kwanza hatukuandika chochote, na tuliposhindwa hapakuwa na mtu aliyeweza kusema tulishindwa siku gani wala kwa nini. Kila mmoja alikuwa na lake. Safari hii mkutano mkuu wa kijiji umepitisha kwamba mwamba wa kusini ufungwe miezi mitatu pweza wapumzike, na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe na bahari yetu, imenikabidhi mimi habari zote: nani aambiwe, aambiwe na nani, wapi, saa ngapi, na akishaambiwa aitike.

Kijiji chetu kiko barabara ya Pangani, ukishapita Tongoni. Wanaume wanatoka na ngalawa na mashua. Sisi wanawake tunakwenda kwa miguu maji yakikupwa, chuma mkononi, ndoo kichwani, tunachokoa pweza kwenye mashimo yao. Sare zangu za shule, madaftari, nauli ya kwenda Tanga mjini kufanya mtihani, vyote vilitoka kwenye mwamba huo kwa mkono wa mama. Kwa hiyo ninapoandika "mwamba" siandiki habari za mahali nilipotumwa.

Mwaka juzi tuliufunga kwa bango. Bango zuri, rangi nyekundu, likapigiliwa kwenye mwembe pale penye mnada wa samaki, na mwenyekiti akatangaza mara moja kwenye kipaza sauti. Bamvua la kwanza, yaani siku za mwezi mwandamo au mpevu ambapo bahari inakupwa mbali kuliko siku za maji mafu, hakwenda mtu. Bamvua la pili, usiku, mtu mmoja akaona taa mwambani. Taa moja. Asubuhi kisimani neno lilikuwa "wameanza", na hakuna aliyeuliza ni nani. Kufika saa nne maji yalipokauka, mwamba ulijaa watu kama uwanja wa Idi. Na mimi nilikuwemo. Nilichukua chuma nikaenda, kwa kuwa niliona watoto wa wenzangu watakula na wangu watalala na njaa kwa ajili ya ahadi niliyobaki kuitunza peke yangu.

Nimelifikiria hili tangu siku ile. Hapakuwa na mtu asiyejua kwamba mwamba umefungwa. Wote tulijua. Tusichokijua ni kama mwenzetu naye ameshika. Bango linamwambia kila mtu peke yake. Halimwambii kwamba na jirani yake ameambiwa, amekubali, na anamtazama. Kazi ya safari hii ni hiyo, na mengine yote nitayapima kwa hiyo.

Bamvua la mwezi mwandamo

Siku sita nimezunguka na swali moja: "Habari ya mwisho iliyokuhusu hapa kijijini uliipata kwa nani, mkiwa wapi?" Sikuuliza unasikiliza redio gani. Ukimwuliza mtu redio gani, atakutajia redio.

Viongozi wanategemea kikundi cha WhatsApp cha BMU. Nimepitia majina: karibu wote wanaume. Mazungumzo ni Simba, Yanga na Wagosi wa Kaya wetu, Coastal Union. Tangazo la kamati likiingia, dakika kumi haziishi limefunikwa na picha ya goli. Wachokoaji wa pweza wengi wana viswaswadu, simu ndogo za vitufe. Tena siku za bamvua simu haibebwi, inaachwa nyumbani juu ya kabati, maana maji ya chumvi yameshaua nyingi. Ujumbe ambao mwenyekiti aliuona "umefika" ulikuwa umefika kwa watu wasioingia mwambani na chuma.

Habari za wanawake zinapita kisimani kwenye foleni ya ndoo, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi jua linapotoka. Zinapita msibani. Zinapita tunapokaa kumpiga na kumsafisha pweza. Za wanaume ziko kijiwe cha kahawa baada ya alasiri, na mnadani. Ya watu wote kwa pamoja ni moja tu, kipaza sauti cha msikiti, na hasa tangazo la maziko. Likisomwa jina, kijiji kizima kinasimama, mtu anaacha chungu jikoni. Nimekaa na jambo hili sana. Tangazo la maziko halibembelezi mtu, halina muziki, halifiki hata maneno ishirini. Linatoa watu majumbani kwa sababu kila anayelisikia anajua wote wamelisikia, na kesho ataulizwa, "Mbona hatukukuona?"

Maji mafu

Nilikwenda kwa mzee mmoja kuomba pembe ya kupigia mbiu siku ya kufunga. Nimetoka na darasa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa kwanza, pembe haikimbii."

Mwaka 1973 alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mimi nililijua jina hilo shuleni, sikujua kazi yake. Kijijini redio zilikuwa chache, betri zilinunuliwa kwa mchango. Watu walikaa chini ya mkwaju, yeye akasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, Radio Tanzania ikafunguliwa, ikasema, ikazimwa. "Ikizimwa ndipo kazi inaanza," aliniambia. Hapo kikundi kiliulizana: mbu wanazaliana wapi hapa petu, choo cha nani kimejaa, nani atachimba na lini. Hawakuinuka bila kupanga siku. Ilikwenda hivyo wiki 12. Nchi nzima waliingia watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya namna hiyo, na viongozi waliofundishwa kuviongoza walizidi 70,000. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa. Mwaka 1975 ukafuata Chakula ni Uhai kwa njia ileile.

Mzee hakuisifu redio. Alisifu mkwaju. Kisha akanitazama akauliza, "Siku hizi kila mtu ana redio yake mfukoni na waya masikioni. Akishasikia, anajadiliana na nani?" Swali lake nimeliandika ukurasa mzima, peke yake.

Pembe amekubali, ila atampa mjukuu wake aipulize, yeye pumzi hana tena.

Bamvua la mwezi mpevu

Tumekosea, na limetugharimu fedha ya kikundi.

Tulilipia tangazo kwenye redio moja ya Tanga, mara tatu kwa siku, siku nne. Lilisomwa kwa sauti nene, muziki nyuma yake, saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Saa nne asubuhi ya bamvua! Ndiyo saa maji yamekauka kabisa; wote ninaowatafuta wako mwambani, miguu majini, simu ziko kabatini. Saa nane wanapiga pweza na kuuza. Saa mbili usiku redio ya nyumba iko kwa baba, na baba anasikiliza mpira. Niliwauliza wachokoaji kumi na wawili. Mmoja alilisikia, naye alidhani ni kijiji kingine, kwa sababu jina letu lilitamkwa sivyo.

Jina ni kosa la redio. Saa ni kosa langu, na ni kubwa zaidi, maana mimi nayajua maji tangu utotoni. Pwani yetu bamvua hukupwa karibu saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, hilo halihitaji kalenda. Kuanzia leo kila tangazo linapangwa kwa maji: siku za bamvua tunasema alfajiri au baada ya magharibi, jambo refu linalotaka watu wakae wasikilize linangoja maji mafu, wanawake wanaposhinda nyumbani.

Nimeandika pia kwenye jalada la ndani, kwa herufi kubwa: LISISIKILIZWE NA MTU MMOJA MMOJA.

Maji mafu, siku ya redio

Nilipokwenda redioni kulalamika kwa upole kuhusu jina, walitupa nusu saa ya kipindi cha asubuhi, mubashara, bila malipo. Tuliwapeleka wawili, afisa uvuvi na bibi mmoja ambaye amechokoa pweza tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilibaki kijijini makusudi nitazame nyuso. Tuliweka spika ya shughuli mnadani na nyingine karibu na kisima, na kila balozi wa nyumba kumi alikuwa amepita jana yake jioni kuwaambia watu wake waje wasikilize pamoja.

Afisa uvuvi alianza. Akaeleza Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni za 2009, kwamba pweza wa chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa. Akaeleza kwamba pweza wetu anaishi mwaka na kidogo tu na anakua upesi mno, ndiyo maana miezi mitatu inatosha kuleta tofauti ya uzito ambayo samaki wa mwambani angehitaji miaka. Yote kweli, na watu walisikiliza kama wanavyosikiliza hotuba, wakipunga nzi.

Kisha bibi. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo, tukasogeza viti. Mtangazaji, Mungu ambariki, hakumwuliza "ujumbe wako kwa jamii ni upi". Alimwuliza, "Bibi, pweza jike mwenye mayai unamjuaje?" Hapo bibi akaisahau redio.

"Nilichokoa shimo, hakutoka. Nikachokoa tena, hakutoka. Nikainama nikachungulia. Nikaona mayai yananing'inia darini mwa pango kama vishada vya mchele, na yeye kayakumbatia, amekonda, rangi imempauka. Pweza akishataga hali tena, mwanangu. Anakaa na mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Mimi siku ile nilimtoa. Nilimuuza, na kilo hakufika. Mpaka leo nikipita shimo lile nageuza uso."

Mnadani mama mmoja aliyekuwa anapara changu aliweka kisu chini.

"Basi nasema hapa," bibi akaendelea, "na wa nyumbani mnanisikia. Mwamba ukifungwa sikanyagi mpaka ufunguliwe. Mkiniona, nishikeni."

Kikapita kimya. Halafu mwanamke mmoja karibu na spika akasema, si kwa kuniambia mimi, akiwatazama wenzake, "Na mimi." Mwingine, "Na mimi jamani." Niliandika majina mbio mbio. Kipindi kilipokwisha walikuwa 19, na hakuna aliyetia sahihi popote. Wamesema mbele ya watu, na watu wamesikia. Ningekuwa na bajeti ya matangazo ya mwaka mzima nisingeinunua dakika ile.

Baada ya spika kuzimwa hatukuwaruhusu watu watawanyike. Ni somo la mzee. Mvuvi mmoja kijana akauliza kama kuna waliowahi kujaribu, au sisi ndio wa majaribio. Nikawaeleza habari za Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, ambako mwaka 2004 Wavezo, wavuvi wa pwani ile, waliufunga mwamba wao wa pweza kwa muda kisha wakaufungua. Nao ni watu wa kutembea mwambani kwa miguu kama sisi, wanawake wengi. Na jambo lao lilisambaa pwani yao kwa wavuvi wa vijiji vingine kwenda kuona kwa macho siku ya kufungua, wakarudi kwao kusimulia. Mtu alimwamini mvuvi mwenzake.

Lipo moja baya la siku hii, nisilifiche. Simu za wasikilizaji zilipofunguliwa, wa pili alikuwa mvuvi wa kijiji jirani. "Mwamba huo babu zangu walivua. Mmetuuliza?" Hakupata jibu hewani, na hakustahili kukosa.

Siku mbili baadaye

Tumekwenda kijiji jirani, watano, wawili wazee. Hatukupeleka barua. Tuliomba radhi kwanza kabla ya kusema tunachotaka. Wamekubali kwa sharti kwamba walinzi wa zamu watoke pande zote mbili, na siku ya kufunga wawepo. Haki yao.

Kabla ya mwezi kuandama

Jana usiku imeingia sauti kwenye WhatsApp. Mwanaume, hajitaji, anasema kwa utulivu kabisa kwamba miezi mitatu ni danganya toto, mwamba umeshauzwa kwa mwekezaji, kamati imekula, ukifungwa hautafunguliwa. Haifiki hata dakika mbili. Ilitufikia saa tatu usiku; alfajiri kisimani ilikuwa inasimuliwa na watu wasio na WhatsApp.

Mwenyekiti alitaka nijibu mlemle. Nilikataa, na tulibishana. Kujibu kwenye kikundi ni kuwajibu wenye simu janja huku kisima kikiendelea na lake. Tena uvumi huu umeota kwenye udongo wake. Tangu 2009 bahari yetu iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na mtu wa hapa anajua kuna kufunga kwa miezi na kuna kufunga kwa moja kwa moja. Pwani nzima watu wameona viwanja vya ufukweni vikihama mikono. Anayeogopa hapo si mpumbavu, anastahili kuonyeshwa karatasi.

Tukausoma muhtasari wa mkutano mkuu wote, neno kwa neno, siku hiyohiyo: kisimani, mnadani, kijiweni. Sahihi na alama za dole gumba zikaonyeshwa. Aliyetaka aliishika karatasi kwa mkono wake. Mama mmoja asiyejua kusoma aliniambia nimwonyeshe ilipo tarehe ya kufungua, akaweka kidole juu yake, akataka nimsomee tena. Kisha akasema, "Ikifika siku hii na hamjafungua, nakuja kwako wewe, si kwa mwenyekiti." Nikamwambia karibu.

Baada ya hapo ndipo picha ya karatasi ilipoingia WhatsApp, ikifuatana na sauti ya bibi. Uvumi haukufa siku ile. Ila sasa anayeusema anaulizwa, "Karatasi umeiona?" na hilo linamchosha mtu.

Bamvua la mwezi mwandamo: tumefunga

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Nimeiandika methali hii kwenye mitihani sijui mara ngapi, na sikuwahi kuisikia mbiu yenyewe ikilia hadi leo.

Jana jioni mabalozi walipita na neno moja: ukisikia pembe, shuka pwani. Baada ya swala ya alfajiri mjukuu wa mzee aliipuliza mara tatu, akitoka upande wa msikiti kuelekea ufukweni. Sauti yake haifanani na kipaza sauti. Iko chini, nzito, inaingia kifuani kabla ya masikioni. Mbwa walinyamaza. Milango ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine, na mtu aliyefungua aliona wa jirani naye unafunguliwa. Wanawake wamejifunga kanga mbili, watoto nyuma yao, wanaume na kofia zao za swala bado kichwani. Kutoka kusini wakaja wa kijiji jirani wakitembea mchangani.

Tulingoja maji. Yalipokupwa tulikwenda wote mwambani kwa miguu, tumebeba maboya saba, madumu ya mafuta ya kula yaliyopakwa rangi na kufungwa mawe kwa kamba ya katani. Bibi akafunga la kwanza. Mawili yalifungwa na wenzetu wa jirani. Hapakuwa na hotuba, kwa ombi langu, na namshukuru mwenyekiti kwa kukubali.

Tukiwa tunarudi nilimwona jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yule ambaye mwaka juzi tulikutana mwambani kila mmoja na chuma chake bila kusalimiana. Aliniona nimemwona. Hatukusema kitu. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo, na ilikwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Maji mafu

Zamu zinakwenda. Hakuna zaidi.

Bamvua la mwezi mpevu

Tumepanga lugha ya kubipu. Bipu moja: nipo, salama. Mbili: kuna chombo au taa. Tatu: njooni. Haili salio, kiswaswadu kinatosha.

Wazo limetoka kwa wavuvi wenyewe. Miaka ya uvuvi wa baruti mlio ulisikika mpaka jikoni, sufuria zikitikisika, na kijiji kizima kilinyamaza. Mmoja wao aliniambia kila mtu alidhani mwenzake ataripoti, na aliyetaka kuripoti aliogopa kubaki peke yake. Bipu inakwenda kwa watu sita mfululizo, na wote sita wanajua wengine watano wameipata.

Bamvua la tatu tangu tufunge, usiku

Naandika mkono unatetemeka, nimetoka nje kuangalia mara nne.

Saa nne na robo simu imelia mara mbili ikakatika. Nilipofungua mlango nikaiona. Taa moja, mwambani, upande uleule wa mwaka juzi. Moyo ulinishuka. Nilijua sasa hivi kuna milango mingine imefunguliwa na macho mengine yanaitazama taa hii, na najua yanafikiri nini kwa sababu niliwahi kuyafikiri.

Zamu walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, mmoja wao wa kijiji jirani. Wamekwenda na ngalawa. Kumbe ni chombo cha wasafiri kutoka kaskazini kinachokwenda Pangani, upepo wa kusi umewashinda, wametia nanga nyuma ya mwamba kujikinga, wanapika wali. Hawana chuma wala nyavu majini. Hawakuwa wamesikia lolote kuhusu kufunga. Wameambiwa, wakaomba kukaa mpaka upepo upungue, wakaruhusiwa.

Saa tano kasoro nimewapigia mabalozi wote mmoja mmoja, wao wakawapigia au kuwagongea watu wao. Kisimani alfajiri hatungoji. Watu wa zamu watakuwepo kabla ya ndoo ya kwanza.

Kesho yake

Walikuwepo. Mwanamke wa zamu alisimama penye foleni akasema alichokiona: chombo cha namna gani, watu wangapi, walikuwa wanapika nini. Alipofika kwenye wali, mtu akauliza ulikuwa wa nazi au mkavu, na wengine wakataka kujua. Neno "wameanza" halikupata pa kuingilia.

Saa nne nilishuka nikakaa mchangani. Maji yalikauka mpaka mwisho, mwamba ukatoka wote, unang'aa. Maboya saba yamelala kwenye maji kidogo yaliyobaki. Hapakuwa na mtu. Nilikaa mpaka maji yakaanza kurudi, nikalia, na sioni haya kuliandika.

Siku ya kufungua

Nianze na lililo zuri. Pweza wa kwanza kupanda mizani alikuwa na kilo tatu na robo. Mizani ya kuning'iniza ilishuka, mama aliyemvua akaweka mkono mdomoni. Mwaka juzi msimu kama huu tulikuwa tunabishana na wachuuzi kuhusu nusu kilo. Wanawake waliimba wakirudi, ndoo zimewalemea, na wale watoto waliokuwa wamelala na njaa kichwani mwangu siku ile wote wamekula vizuri.

Lakini kufika saa nne na nusu mwamba ulikuwa na watu ambao sijawahi kuwaona. Bodaboda zilishusha vijana kutoka mjini. Ngalawa tatu hatuzijui. Wanunuzi na ndoo zao za barafu, wanaita bei wakiwa mwambani kabisa. Walikanyaga matumbawe hai, wakageuza mawe wakayaacha yamegeuka, wakachokoa wadogo. Bibi alirudi na wawili tu, na hasira. "Mmeniita redioni nikafunga," aliniambia, "na redioni mmewaita wengine waje kula."

Ni kweli. Wiki nzima redio ilisoma tarehe ya kufungua, kwa ombi langu, nikidhani ni kushukuru. Redio inamwita kila mwenye masikio. Wakati wa kufunga hiyo ilitufaa, tulitaka kila chombo kinachopita kijue. Wakati wa kufungua iliwaleta ambao hawakuwahi kusema "na mimi" mbele ya mtu yeyote. Nilikuwa nimefikiri sana namna ya kuwaleta watu, sikufikiri ni watu gani.

Maji mafu, kikao cha tathmini

Tumekaa chini ya mwembe, pande zote mbili, ya kwetu na ya jirani. Kikao kilikuwa kirefu na mara mbili kidogo kivunjike. Yaliyopitishwa: mwamba utafungwa tena msimu wa kusi ujao. Kufunga kutatangazwa kila mahali, na redioni kwa maji mafu. Kufungua kutatangazwa kwa mabalozi wa vijiji viwili, kisimani, na kwa pembe asubuhi yenyewe. Redio itaambiwa tukishamaliza kupima. Siku ya kwanza wataingia waliochukua zamu au waliotoa mtu wa zamu, na daftari la zamu ndilo litakalosema. Wanunuzi watakaa ufukweni. Bibi ameingia kwenye kamati. Alipoulizwa kama anakubali alisema ataangalia kwanza kama vikao vinafanyika wakati wa bamvua.

Nilipendekeza pia wanawake wa pweza wawe na sauti yao kwenye kikundi cha WhatsApp, wakasema hawana haja nacho, wanataka redio moja ya betri ikae kisimani. Nimeandika hivyo.

Ya wiki hii: maboya mawili yamepasuka, natafuta madumu. Kwenda kijiji cha tatu, cha kaskazini, kabla hawajatusikia kwa wengine. Betri nne kubwa. Pembe bado iko kwangu, imeviringishwa kwenye kanga. Nilimpelekea mzee juzi, akakataa kuipokea, akasema kaa nayo, itundike juu watoto wasiifikie.